Ndiyo ya Mheshimiwa Fisi

Sogeeni, na mwenye kikohozi akohoe sasa, maana nikianza sipendi kukatizwa. Habari hii aliileta kunguru. Kunguru tunamjua kwa umbeya, lakini siku hiyo alikuwa ameshiba, na mwenye shibe hana haja ya kuongopa.

Katika Bonde la Mchongoma mvua ilikata mwaka wa kwanza, ikakata na wa pili, na wa tatu wanyama wakaacha hata kutazama juu. Mto ulibaki mchanga na mchirizi mmoja wa maji. Si kwamba maji hayakuwepo. Yalikuwepo, tena tele, kule juu kwenye Kilima cha Baraza, ambako Simba aliuziba mto kwa magogo ili apate bwawa la kuogea. Simba alikuwa na manyoya mengi shingoni, na aliyapenda kuliko alivyowapenda watoto wake. Kuyaosha kulihitaji maji mengi, na kujitazama kulihitaji maji yaliyotulia.

Kuyaondoa magogo hayo haikuwa kazi. Tembo angeyasukuma huku anapiga miayo. Lakini Tembo alikuwa mtumishi wa Baraza, na mtumishi wa Baraza hasogezi hata jani bila azimio. Azimio nalo lilipatikana kwa njia moja tu tangu enzi za mababu: hoja inasomwa, wanaoafiki wanapiga kelele "Ndiyo," wasioafiki wanapiga kelele "Siyo," kisha Spika, mzee Kobe, anaamua ni upande gani umevuma zaidi. Hakuna anayehesabiwa. Ni kelele tu.

Kila bonde lilikuwa na mjumbe mmoja barazani. Mjumbe wa Mchongoma, Kongoni, alikuwa amekufa kwa uzee, kwa hiyo mbiu ya uchaguzi ikapigwa. Wa kwanza kujitokeza alikuwa Twiga. Twiga anaona mbali, lakini sauti hana. Alipohutubia, waliokaa mbele kabisa walidhani anatafuna.

Hapo Sungura akasimama. Sungura ni mjanja, na maradhi ya wajanja ni kutaka waonekane.

"Ndugu zangu," alisema, "kule barazani hawapimi akili, wanapima sauti. Sasa niambieni, katika bonde hili lote, nani mwenye sauti kubwa?"

Wote walikwepana macho, kwa sababu jibu walilijua na halikuwapendeza.

"Fisi," akasema Mama Kanga mwishowe. Alikuwa na vifaranga kumi na watatu, na aliwakusanya wote chini ya mbawa kabla hajalitamka jina hilo. "Lakini Sungura, Fisi ana njaa."

"Nani hana njaa mwaka huu, Mama Kanga?"

"Sisi tuna njaa tukikosa. Yeye ana njaa hata akipata."

"Basi ndiyo vizuri! Tumpeleke kilimani, njaa yake ikae mbali na wanao, na sauti yake itufanyie kazi. Hapo hatujapata faida mara mbili?"

Hoja ilikuwa tamu. Hoja za Sungura huwa tamu, hata zile zinazokuja kukata tumbo baadaye.

Fisi aliposikia kwamba anatakiwa, alibadilika kwa siku moja. Aligaagaa vumbini hadi harufu yake ikapungua. Akawa anawabeba vifaranga wa Mama Kanga kichwani, na udenda ulipomtoka alidai ni machozi ya huruma yaliyopotea njia. Misibani alikuwa wa kwanza kufika. Alilia mpaka wafiwa wenyewe wakalazimika kumbembeleza, na kwa mara ya kwanza katika historia ya bonde lile, Fisi alihudhuria mazishi na hakurudi baadaye peke yake kufukua. Wanyama wakanong'onezana kwamba kumbe mtu hubadilika.

Siku ya mwisho ya kampeni alipanda juu ya kichuguu.

"Wana-Mchongoma, mnanijua!"

"Tunakujua!" wakaitika, na akina mama kadhaa wakavuta watoto wao karibu.

"Mkinituma, nitapiga kelele mpaka magogo yang'oke yenyewe! Sitawaletea maji tu, nitawaletea mto na samaki wake!"

Kisha akaachia mlio mmoja, "Uuuwiii!", vumbi likatimka, na Twiga mwenyewe akarudi nyuma hatua mbili. Kura za Mchongoma hupigwa kwa kupanga mstari nyuma ya umtakaye. Mstari wa Fisi ulizunguka bonde. Mama Kanga alisita, akatazama kushoto, akatazama kulia, kisha akajipanga humo pamoja na vifaranga wake wote kumi na watatu. Nyuma ya Twiga walisimama watatu: mkewe, shemeji yake, na Nguruwe Pori mmoja aliyekosea mstari. Mzee Nyumbu akapiga ngoma, na Fisi akapanda kilimani akiwa Mheshimiwa.

Kusema haki, siku ya kwanza alikwenda na hoja ya maji kichwani. Nisimsingizie. Tatizo ni kwamba Baraza lilikuwa na posho. Kila kikao, kila mjumbe aliyekuwepo na aliye macho alipewa mfupa, na si mfupa wa kulamba tu, mfupa wenye nyama na mafuta. Simba mwenyewe alimkabidhi Fisi wa kwanza.

"Karibu, Mheshimiwa," alisema Simba, huku akijitazama bwawani. "Huko kwenu hali ikoje?"

"Mtukufu, kwetu hali ni…" Fisi akaanza, na harufu ikamfika puani. Akaushika mfupa. Akautafuna. "Kwetu hali si mbaya sana, Mtukufu."

Toka siku hiyo mambo yakawa mepesi. Fisi alikula, akavimbiwa, akalala palepale kwenye kiti, kidevu kifuani. Lakini alikuwa na kipaji ambacho wajumbe wenzake walikistaajabia. Kobe alipotamka tu, "Wanaoafiki?", Fisi aliruka akiwa bado na usingizi machoni na kupiga kelele, "Ndiyoooo!", sauti ikagonga miamba ikarudi. Siku za mwanzo wenzake walijitahidi kusikiliza hoja. Baadaye waliona ni kujichosha bure. Walimngoja Fisi alie, nao wakaunga mkono na kupiga meza. Simba alimpenda sana.

Hivyo likapita azimio la kumpongeza Simba kwa kunguruma vizuri. Likapita azimio kwamba ukame usiitwe tena ukame, uitwe kiangazi kilichochangamka. Siku moja likapita na azimio la kuongeza magogo mawili, kwa kuwa maji ya bwawa yalikuwa hayajamfika Simba kifuani. Aliyelia "Ndiyo" kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa mjumbe wa Mchongoma.

Kule bondeni, ule mchirizi wa maji uliokuwa ukivuja kupitia magogo ukakauka siku ileile. Likabaki dimbwi moja lenye kivuli cha mwamba. Vifaranga wa Mama Kanga wakawa kumi na mmoja, kisha tisa.

Mheshimiwa alirudi nyumbani mara moja tu, kwenye msiba. Alikuja na tumbo lililotangulia. Mama Kanga akamsubiri amalize kulia, akamwendea.

"Mheshimiwa, shikamoo. Tumekutuma maji. Yako wapi?"

"Mama yangu, usiwe na wasiwasi. Mchakato unaendelea."

"Unaendelea kwenda wapi?"

"Tumekwisha kuunda kamati. Kamati imefanya ziara ya mafunzo kwa majirani, kuona wenzetu wanavyokunywa. Sasa tuko kwenye upembuzi yakinifu."

"Huo upembuzi, baba, unanyweka?"

Fisi alicheka sana, akasema Mama Kanga ana utani, akamwomba radhi kwamba ana kikao. Alipokuwa anaondoka alipitia makaburini. Safari hii alirudi.

Sasa mtauliza Sungura alikuwa wapi. Alikuwa kwenye shimo lake, anaona aibu. Mwenye akili nyingi anapokosea, hujificha muda mrefu kuliko mjinga, kwa sababu mjinga hajui kama amekosea. Siku tatu hakutoka. Siku ya nne aliwasikia vifaranga wakiulilia mchanga, akatoka na masikio yamelala.

"Mimi ndiye niliyewaingiza humu," aliwaambia wanyama. "Kanuni za Baraza ninazijua. Wananchi wanaruhusiwa kupeleka hoja yao wenyewe, bila kupitia kwa mjumbe, ikiwa ina nyayo mia moja zilizobonyezwa kwenye kigae cha udongo. Kobe akiipokea, lazima aisome. Kobe hajawahi kuruka kanuni, hata ya kukohoa."

"Basi tubonyeze," wakasema.

Mzee Nyumbu akapiga kwato chini. Ilitoa mlio wa jiwe. "Udongo upi, Sungura? Huu haubonyezeki."

"Unahitaji maji," akasema Sungura polepole. "Vibuyu viwili."

Wote wakageuka kutazama dimbwi la kwenye mwamba. Halikuwa na zaidi ya vibuyu vitatu. Mama Kanga alikuwa amekaa kando yake, akiwanywesha watoto wake tone kwa tone kwa mdomo wake.

"Unataka tuyafinyangie matope?" akauliza.

"Ndiyo, Mama Kanga."

"Na ukishindwa?"

"Nikishindwa, sitarudi hapa tena. Sitakuwa na uso wa kurudi."

"Wewe hutarudi," alisema Mama Kanga kwa hasira. "Mimi nitakuwa hapahapa, na hawa tisa watakuwa wananitazama. Usiniletee habari za uso wako." Akawatazama wale vifaranga, mmoja mmoja. Kisha akasogea kando ya dimbwi. "Chota kabla sijabadili mawazo."

Kigae kikafinyangwa, kipana kama ngozi ya ng'ombe, Sungura akaiandika hoja juu yake kwa ukucha, na wanyama wakapita mmoja mmoja, huyu ncha ya kwato, yule ukucha. Jua lililowatesa miaka mitatu lilikikausha kabla ya jioni. Hiyo ndiyo fadhila pekee waliyoipata kwake. Mzee Nyumbu alikuwa wa kwanza kubonyeza. Akajilaza chini ya mwamba, na hakuinuka tena. Kabla hajakata roho alimwita Sungura.

"Paja langu mpelekee Mheshimiwa."

"Mzee, unasema nini!"

"Jasho letu ameshalila. Nyama haitamshtua, na kunguru anasema akishiba hulala. Mpe kabla hoja haijasomwa, na hakikisha amemaliza."

Sungura alilia, na hakulia kwa ujanja. Lakini wosia ni wosia. Punda Milia akabeba kigae mgongoni, Sungura akafungasha paja kwa majani, wakapanda kilima.

Walifika Baraza likielekea chakula cha mchana. Wakakikabidhi kigae mezani kwa Kobe, naye akaanza kuhesabu nyayo. Kobe akihesabu, unaweza kulima shamba ukavuna. Ndipo Sungura akamwendea Fisi.

"Mheshimiwa, wananchi wako wanakusalimu. Wamekuletea kitu kidogo."

Fisi alifungua majani, macho yakang'aa. "Wananikumbuka! Unaona, Sungura? Wananchi wangu wananipenda." Akaanza kula. Hakuuliza ni paja la nani. Hakuuliza bonde lenye njaa limepata wapi paja. Alikula nyama, akavunja mfupa, akafyonza uboho, akajilamba, na posho ya siku hiyo akaila juu yake. Kobe alipofika unyayo wa mia moja na nne, Fisi alikuwa anakoroma.

"Hoja… ya wananchi… wa Mchongoma," Kobe akasoma. "Kwamba… magogo yote… yaondolewe mtoni… leo hii. Na kwamba…"

Joto lilikuwa kali. Mjumbe mmoja akasinzia, akafuatwa na jirani yake, na kabla Kobe hajafika mstari wa pili vichwa vilikuwa vinaanguka kushoto na kulia. Simba hakusinzia. Alikuwa anachanwa manyoya na kujitazama bwawani, na Simba akijitazama hana masikio. Sungura alikaa kwenye nyasi za wageni, moyo unamdunda mpaka ukamtikisa masharubu. Alikuwa anawaza vifaranga tisa na kibuyu kimoja cha maji.

"…na kwamba… mjumbe wa Mchongoma… Mheshimiwa Fisi… avuliwe kiti… arudi kwao. Wanaoafiki?"

"Ndiyoooo!"

Fisi alikuwa ameruka hewani, macho nusu yamefumba, na paja la Nyumbu lilikuwa limemwongezea pumzi. Hakuwahi kulia vile tangu azaliwe. Wajumbe wote wakazinduka. "Ndiyooo! Ndiyooo!" wakapokea, wakapiga meza hadi moja ikavunjika mguu.

"Wasioafiki?" Kobe akauliza.

Kimya. Hakuna aliyejua hoja yenyewe, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuuliza.

"Walioafiki wameshinda," Kobe akatangaza. "Tembo, ondoa magogo. Mheshimiwa Fisi, kabidhi kiti."

Fisi akacheka kidogo, akidhani ni utani. Kobe huwa hatanii. "Kiti gani?"

Kobe akamsomea hoja tena, yote, kwa mwendo wake. Kila neno lilipotua, Fisi alizidi kunywea.

"Mheshimiwa Spika, napinga! Mimi hoja hiyo sikuisikia!"

"Hukuisikia… kwa sababu gani?"

"Nilikuwa nimelala!"

Kobe akafungua kitabu cha kanuni. "Kanuni ya saba. Posho ni ya mjumbe… aliye macho. Aliyelala… anarudisha mfupa. Mheshimiwa ulilala leo tu… au na vikao vilivyopita?"

Fisi akawageukia wenzake. "Waheshimiwa, semeni! Si tulikuwa tumelala wote?"

"Mimi nilikuwa macho!" akasema Nyani, na udenda wa usingizi bado umemning'inia.

"Na mimi! Niliafiki nikijua!" akasema Kiboko.

"Hoja nzuri sana, nimeifuatilia neno kwa neno!" wakadakia wengine, wakifuta midomo iliyokuwa na mafuta.

Fisi akatazama tumbo lake. Mifupa ya vikao vyote hivyo haikuwa kitu cha kurudisha. "Nilikuwa macho," akasema kwa sauti ndogo, ndogo kuliko ya Twiga.

"Basi… umeafiki," akasema Kobe, na kufunga kitabu.

Simba alishtuka alipoona taswira yake inatetemeka. Bwawa lilikuwa linashuka. "Nani ameruhusu jambo hili?" akanguruma.

"Baraza lako zima, Mtukufu," Kobe akajibu. "Hoja imesomwa mbele yako."

Simba akavimba shingo. Kukiri kwamba hakusikia kulikuwa sawa na kukiri kwamba kuna jambo limepita mbele ya mfalme bila mfalme kujua, na hilo manyoya yake yasingelistahimili. Akatazama huku na huku, akatengeneza sauti.

"Mimi mwenyewe niliamua hivyo tangu asubuhi," akasema. "Na mto huo uitwe Mto Simba."

Wajumbe wakapiga meza zilizobaki. Sungura hakungoja kusikia mwisho wa pongezi. Alikwisha kuwa njiani, anashindana mbio na maji.

Maji yalimshinda. Alipofika bondeni aliwakuta wanyama wamejipanga kando ya mto, vichwa chini, wanakunywa. Ukiona wanyama wa jamii nyingi wako mahali pamoja na hakuna anayelaumiwa, ujue wana kiu.

Fisi naye alifika baadaye, kwa miguu, bila ngoma. Akapanda juu ya kichuguu. "Wana-Mchongoma, mnanijua!" Hakuna aliyeitika. "Nimewaletea mto, kama nilivyoahidi!" Hakuna aliyeinua kichwa. Basi akaanza kulia, kile kilio chake cha misibani, akieleza alivyodhulumiwa, alivyosalitiwa, alivyovuliwa kiti kwa hila. Alilia mpaka sauti ikamkauka. Wanyama waliendelea kunywa.

Sungura alimkuta Mama Kanga ukingoni. Vifaranga walikuwa majini hadi magotini, wanamwagiana. Sungura aliwahesabu, akarudia kuhesabu. Walikuwa saba.

"Mama Kanga," akasema, "pole. Pole sana."

Mama Kanga hakugeuka. Alikuwa anawatazama wale saba, na machozi yanamtoka waziwazi.

"Usinipe pole, Sungura," alisema. "Hakuna aliyenivuta mbawa kunipeleka kwenye mstari ule. Nilikwenda mwenyewe, na wao nikawapanga nyuma yangu."

Msiba wa kujitakia hauna kilio.